Singe, Bolti na Risasi za Vita ya Mjerumani: Ufanye Nini Ukivikuta Kwenye Kasha la Babu au Shambani

Siku ya arobaini ya babu, baada ya hitima, wazee walilifungua kasha lake. Juu palikuwa na kanzu mbili na msahafu uliofungwa kitambaa cheupe. Chini kabisa, ndani ya kipande cha gunia, tukakuta vitu vinne: singe (kisu cha kufungwa kwenye mdomo wa bunduki) katika ala ya ngozi iliyokauka ikawa ngumu kama gome, kichupa cha shaba cha mafuta ya bunduki, bolti ya bunduki (kile chuma cha kuvuta kinachofunga risasi nyuma ya mtutu), nzito, ingali na utelezi wa grisi, na risasi tano zilizoshikana kwenye kibanio chake, zimeota kutu ya kijani.

Baba mdogo aliichukua bolti akaipima kwa kiganja. "Hivi ni vya vita ya Mjerumani, mwanangu," akaniambia. "Baba yake babu yenu ndiye aliyerudi navyo. Ni ukumbusho tu. Nani atauliza?"

Nami nilikubaliana naye. Shemeji yetu mmoja, aliyewahi kuwa mgambo, ndiye aliyetutoa wote chumbani kwanza, kisha akaanza kueleza. Aliyotufundisha siku ile, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kusoma sheria na kungoja kwenye mabenchi ya ofisi, ndiyo ninayoyaandika hapa. Jambo kubwa kuliko yote ni hili: uzee wa kitu si kibali. Wengi wetu tunaamini kwamba chuma cha miaka mia kimeshatoka mikononi mwa sheria ya silaha na kuingia kwenye mambo ya makumbusho. Kwa vifaa vingi vya vita ile, sivyo.

Na vifaa hivyo ni vingi huku kwetu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi, watu kama 8,000, lilishuka Tanga, likapigwa na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilichokuwa na askari kama 1,000, likapanda tena melini na kuacha bunduki za rasharasha 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Upande wa Kenya kuna Salaita, Maktau, Mbuyuni na vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, walikopigana 1915 na 1916. Kusini kuna Mahiwa, Oktoba 1917, na delta ya Rufiji ambako manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia Julai 1915. Mvua kubwa ikinyesha, jembe likipita, kitu kinajitokeza.

Hatua ya kwanza: toa mikono

Kabla ya sheria, uhai. Usisugue kutu. Usichomoe kichwa cha risasi uone ndani. Usikianike juani, usikipashe moto, usikigonge nyundo, na usimpe fundi wa kuchomelea "akuzibie". Kama ni kombora, guruneti au kitu cha chuma usichokijua, acha pale pale kilipo, weka alama mbali nacho (kijiti chenye kitambaa kinatosha), ondoa watoto na ng'ombe, kisha piga simu polisi. Tanzania ni 112, Kenya ni 999 au 112.

Watu huniambia risasi ya zamani imeshakufa. Aprili 1915 meli Rubens iliwaletea Wajerumani silaha hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza ikaifuata, Rubens ikazama kwenye maji mafupi. Risasi ziliopolewa zikiwa zimelowa maji ya chumvi, zikafunguliwa na kukaushwa, na zikaenda kupigana. Nyingine zilikataa kulia, nyingine zikalia. Ukiitazama kwa nje hujui iliyo mkononi mwako ni ya aina gani, na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyobonyea haithibitishi kwamba risasi imetumika. Kama kichwa bado kipo juu ya ganda, ihesabu hai.

Jambo la vyuma chakavu nalisema kwa uchungu. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu lililipuka na kuua watoto. Lile halikuwa la vita ya Mjerumani, lakini njia iliyopita ni hii hii: mtoto, chuma, kilo, mizani. Ukiwa na mnunuzi wa chakavu kijijini kwenu, kaa naye umweleze. Ukiwa mwalimu, waambie watoto asubuhi mstarini, na uwaambie tena muhula ujao.

Hatua ya pili: gawa mafungu matatu, kwa macho tu

Sheria haiulizi kama kitu kinapendeza ukutani. Inauliza kinafanya kazi gani. Kwa hiyo simama mbali kidogo na ugawe kichwani.

Fungu la kwanza ni vyenye baruti: risasi nzima, makombora, guruneti, fataki. Haya hayana mjadala. Bila kibali hairuhusiwi kuwa nayo, hata moja, hata ikiwa imeota kutu namna gani.

Fungu la pili ndilo linalowaponza watu wema: viungo vya bunduki. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inavitaja waziwazi viungo vya lazima: mtutu, fremu, slaidi au silinda, bolti, na kifaa chochote cha kupunguza mlio. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inakwenda mbali zaidi. Inaposema "silaha ya moto" inaingiza humo kiungo chochote cha silaha hiyo, pamoja na kifaa kilichotengenezwa kupunguza mlio au mmweko. Maana yake bolti ile ya babu, isiyo na mtutu wala kitako, mbele ya hakimu inaweza kuitwa bunduki. Baba mdogo aliposikia hivyo aliirudisha kwenye gunia polepole kama mtu aliyeshika yai. Magazini ya kuchomoa, kama ile ya risasi 10 ya Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, ihesabu humu pia. Darubini ya kulengea nayo iulizie kabla hujaitundika.

Fungu la tatu ni vitu vya pembeni ambavyo havifyatui chochote: singe na ala yake, mkanda wa kubebea bunduki, mifuko ya ngozi ya risasi ikiwa mitupu, kichupa cha mafuta, kamba ya kusafishia mtutu. Hapa ndipo penye nafuu, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Singe si silaha ya moto, ila ni silaha. Ukionekana nayo stendi, sokoni au kwenye mkutano wa siasa, kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zote zina kosa la kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu. Ikae nyumbani, ndani ya ala, mahali pa juu. Jambo la pili ni mavazi na mifuko ya madoadoa ya jeshi. Hiyo si ya vita ya Mjerumani, lakini huchanganywa humo humo kwenye makasha. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi. Usiyaite ya kale kwa sababu yamechakaa.

Hatua ya tatu: soma alama, na usidanganywe na namba

Piga picha kwa simu, kuza, soma. Usigeuze risasi kutafuta upande mzuri.

Singe ya Kiingereza ya bunduki ya Lee-Enfield ina namba 1907 karibu na mpini, chini ya taji na herufi za mfalme. Nimewaona watu wakiandika "imetengenezwa 1907" na kuitangaza hivyo. Hiyo 1907 ni jina la muundo. Mwaka wa kutengenezwa uko chini yake, mdogo: mwezi na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 5 '16, pamoja na jina la kiwanda kama Wilkinson au Sanderson. Ya kwetu ilisomeka hivyo hivyo, ya mwaka '15. Upande wa pili utaona mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Mauser, bunduki ya Wajerumani, nayo ina mtego huo. "98" iliyochorwa ubavuni ni muundo wa 1898. Nyingi za muundo huo zilizopigana huku zilitengenezwa baada ya hapo. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilianza vita zikiwa na Mauser ya 1871, ile ya baruti ya moshi iliyowaanika kila wakifyatua, na hiyo kweli ni ya karne ya 19. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kisheria, kama utakavyoona.

Risasi husema umri wake kitakoni. Ya Kiingereza inaweza kuandikwa K, kisha mwaka, kisha VII: kiwanda cha Kynoch, muundo wa saba. Ya Kijerumani ina alama zake zimezunguka fataki, mwezi na mwaka humo.

Hatua ya nne: pima mwaka huo kwenye mistari ya sheria

Ukishaujua mwaka, utaelewa kwa nini nasema uzee si kibali.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, inahesabu kuwa masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya, ya 2006, inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Itifaki ile ya Umoja wa Mataifa inaziachia nchi zitamke bunduki ipi ni ya kale, lakini inaweka ukomo: hakuna nchi itakayoiita ya kale silaha iliyotengenezwa baada ya 1899.

Basi weka singe ya 1915 au bolti ya 1912 kwenye mistari hiyo. Inaangukia nje ya yote mitatu. Ni kizee kwako, kwa sheria ni kijana. (Ajabu ni kwamba mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 unalindwa na sheria ya Tanzania, lakini kifaa cha vita iliyoua maelfu ya watu wetu hakilindwi kwa umri wake peke yake. Mimi naona hilo lingestahili kurekebishwa, maana masalia ya 1914 hadi 1918 yanaishia kwa wanunuzi wa chakavu kila siku.)

Mauser ya 1871 inavuka mstari wa 1899, kweli. Usikimbilie kufurahi. Itifaki kuzitoa silaha za kale hakumaanishi sheria ya nchi yako imekuruhusu kukaa nayo. Na gobori, hata likiwa la babu wa babu, kwetu Tanzania ni silaha ya kumilikiwa kwa leseni. Uliza kwa maandishi, ngoja jibu kwa maandishi.

Hatua ya tano: kuripoti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoogopa, na hofu yao ina sababu. Mtu anajiuliza: nikienda mwenyewe polisi nikasema nina risasi, si nimejikamatisha?

Anza na mtu anayekujua. Tanzania ni mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha mtendaji wa kata. Kenya ni naibu wa chifu au chifu. Mweleze kabla ya kitu kingine kufanyika, mbele ya shahidi mmoja wa familia. Kisha nenda naye kituoni mikono mitupu. Narudia, mikono mitupu. Usiweke risasi mfukoni ukapanda bodaboda kuzipeleka "kusalimisha", kwa sababu ukisimamishwa njiani wewe ni mtu aliyekutwa na risasi, na maelezo yako yataanzia mahabusu. Wao ndio waje.

Sisi tulikwenda watatu. Shemeji alitangulia kusema: "Shikamoo afande. Tuna msiba, na katika vitu vya marehemu tumekuta vya vita vya zamani. Hatujavigusa tangu tulipovitambua, viko nyumbani, chumba kimefungwa." Sentensi hiyo ina kila kitu: mmekuta kwa njia gani, mko tayari, hakuna aliyeficha. Yule afande akamjibu, "Marahaba, mzee wangu, kaeni hapo," akatoa daftari.

Hakikisha mambo haya yanaandikwa: tarehe na saa mliyoripoti, namba ya taarifa kwenye kitabu cha kituo, orodha ya vitu kimoja kimoja na alama zake, na jina na namba ya askari aliyepokea. Kisha omba hati ya makabidhiano iliyosainiwa. Ndugu wa rafiki yangu aliwahi kusalimisha vitu kituo kimoja bila karatasi yoyote. Miezi baadaye alipoulizia singe ya babu yake, hakuna aliyekumbuka kuiona. Hakuwa na pa kushika.

Kama marehemu alikuwa na bunduki yenye leseni, hiyo ni habari nyingine tena. Leseni ilikuwa yake, haigawiwi pamoja na minazi. Msimamizi wa mirathi aipeleke taarifa polisi mapema, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe, kwa Tanzania chini ya sheria ya silaha ya 2015, Sura ya 223. Kenya maombi huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha za Moto.

Na kama kitu kimekaa nyumbani miaka mingi nawe ulijua? Umoja wa Afrika uliufanya Septemba ya kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu. Nchi ndiyo inayotoa tangazo lake na masharti yake, na Tanzania imekuwa ikitangaza misamaha ya namna hiyo. Sikiliza redio, soma tangazo lenyewe, utumie nafasi. Lakini kwa risasi na makombora usingoje Septemba.

Hatua ya sita: andika kisa kabla chuma hakijaondoka

Polisi watachukua chuma. Kisa hawatakichukua, si kazi yao. Kwa hiyo usiku ule kabla ya kwenda kituoni, kaa na wazee.

Andika nani alikileta, kutoka wapi, alikuwa askari wa upande gani au alikuwa mpagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, bila makaburi yenye majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kama wenzao wa Ulaya. Kichupa cha mafuta chenye jina la mtu na kijiji chake kinaweza kuwa ndiyo alama pekee iliyobaki ya mtu huyo duniani. Kikiuzwa bila kisa kinakuwa shaba tu.

Piga picha kila kitu pamoja na rula. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine ipelekwe makumbusho: Urithi Tanga kwa watu wa huku, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, Fort Jesus kwa watu wa Mombasa, ambako hata mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa. Waombe wakuandikie barua kwamba wamekiona kisa hicho na picha zake. Kama wanakitaka kitu chenyewe, ofisi yao ikaongee na polisi. Wewe usikibebe kati ya ofisi mbili.

Ukikuta shambani

Simamisha jembe. Palipo na ganda moja huenda pana mengi, na palipo na vifungo vya shaba na kipande cha mkanda huenda pana mtu. Ukiona mfupa, usichimbe hata koleo moja zaidi. Funika kwa udongo huo huo na uripoti.

Kuchimba kwa makusudi kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, Kenya na Tanzania. Wageni wenye mashine za kunusa chuma hupita Taveta na kwingineko wakitafuta vijana wa kuwaonyesha mahandaki. Kijana anayeshika jembe kwa ujira wa siku ndiye atakayekutwa pale, mgeni keshaondoka.

Kununua, kuuza, kusafirisha

Kwa ufupi. Fungu la kwanza na la pili: usinunue, usiuze, usitume kwa basi wala posta. Mtutu uliozibwa na fundi wa mtaani haujawa pambo. Itifaki inataka viungo vyote vya lazima viharibiwe moja kwa moja na mamlaka ithibitishe. Fungu la tatu, andikishana na muuzaji, ujue lilikotoka.

Jamaa walio nje wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mistari ya huko ni tofauti na huwapotosha. Marekani bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ni ya kale, na bolti ya zamani huuzwa mtandaoni kama spea ya baiskeli. Uingereza, kwa kanuni za 2021, silaha ihesabiwe ya kale lazima iwe ya kabla ya 1 Septemba 1939 na risasi yake, au namna yake ya kuwasha baruti, iwe kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Risasi ya .303 ya Lee-Enfield haimo. Mpwa aliyeko Houston akikuletea bolti ya Mauser kama zawadi ya Idi, alichonunua kwa halali kule kinageuka kosa kinapopita kwenye mashine ya uwanja wa ndege huku. Na anayetoka hapa na singe ya babu aweke kwenye mzigo wa chini, awe na barua ya makumbusho na ya polisi, na aulize kwanza idara ya mambo ya kale kama kinahitaji kibali cha kutoka. Zanzibar ina idara yake.

Kwetu, afande alikuja siku ya pili na wenzake wawili. Risasi waliziweka kwenye sanduku la mbao lenye mchanga, bolti wakaifunga na kuiandika. Singe na kichupa waliviangalia, wakaviorodhesha, wakatuachia kwa maandishi. Hati ile imo ndani ya kasha, juu ya msahafu, pamoja na kurasa nne za daftari alizotuandikia shangazi usiku ule, zenye jina la baba yake babu, kijiji chake, na mwaka aliorudi.